Zafarani ya Baba Mkwe

Haripol, tarehe 9 Phagun, mwaka 1811

Kwa jina la Ganesha, atangulizwaye kabla ya kila jambo.

Mdogo wangu Sarno,

Pokea salamu zangu na za wote wa hapa nyumbani. Mama mzima, ila goti lake la kushoto linamsumbua tangu theluji ianze, na kila asubuhi anagombana nalo kwa sauti mpaka majirani wanadhani ananigombeza mimi. Wifi yako Nikki anakusalimu. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mumeo Paras hajambo? Mfikishie salamu za shemeji yake.

Mwezi huu tumetimiza mwaka wa kifo cha Baba. Tumelisha makuhani, tumemwaga maji mtoni, mambo yote yamekwenda inavyopasa. Watu waliuliza, "Na Sarno?" Nikawajibu kwamba njia ya milimani imefungwa kwa theluji. Haikufungwa, na wewe unajua kwamba haikufungwa.

Sasa nisikilize. Najua hupendi nikikuandikia haya, lakini mimi ndiye niliyewasha moto wa maiti yake, kwa hiyo nitasema. Baba hakufa kwa homa. Baba aliuawa kwa neno "mwizi". Siku ya harusi yako, baba mkwe wako Ustadi Dhaunkal aliomba akopeshwe ngozi zetu kwa msimu mmoja wa baridi, na Baba akampa kwa moyo mweupe, maana ndivyo wafanyavyo wachoraji wanaooleana. Ngozi za paa za tangu enzi za babu, kila mstari umetobolewa kwa sindano, nyimbo zote za raga zilizochorwa kama watu, na wake zao na wana wao, kiasi kwamba ukiziweka juu ya karatasi na kupiga vumbi la makaa, picha nzima inatoka. Mkwe hukopa, hunakili, hurudisha. Wala hachori picha hizo kwa ajili ya raja mwingine maadamu mwenye ngozi yu hai. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua.

Yeye akazipeleka kwa raja wa Devalkot akasema ni zake. Baba alipofika kule na picha zake mwenyewe chini ya kwapa, raja alicheka, na Dhaunkal akasema mbele ya baraza zima, "Mnisamehe, huyu ni mkwe wangu, ameninakili kwa sababu ya shida." Kwa sauti ya huruma, Sarno! Baba akarudi kwa miguu, akalala akiutazama ukuta, na hakushika tena brashi.

Nazitaka ngozi zetu. Na si ngozi tu. Wewe ndiye unayesaga rangi katika nyumba ile. Ile manjano ya sumu inapita mikononi mwako kila siku, na mzee ana tabia ya kulamba ncha ya brashi anapopaka nyeupe. Sisemi zaidi. Una akili kuliko mimi, Baba alisema hivyo siku zote na mimi nikinuna.

Muuza chumvi atapita tena huko baada ya sikukuu ya Holi. Mpe jibu.

Kaka yako,
Lehnu


Devalkot, tarehe 14 Baisakh, mwaka 1812

Kwa kaka yangu Lehnu, nikianza kwa jina la Ganesha.

Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mwambie Mama aache kupaka mafuta ya haradali baridi. Ayapashe moto kwanza na atie kitunguu saumu. Hapa sote wazima. Paras amekuwa akikohoa lakini sasa amepona. Mama mkwe amenipa bangili mbili za zamani, moja imepinda. Miti ya aprikoti imetoa maua na nyuki wamejaa uani, hakuna anayeweza kuanika nguo.

Kazi inakwenda. Tumemaliza ukoo wa raga Bhairava na sasa tuko kwa Megha, raga wa mvua, pamoja na wake zake. Megha ni bustani tupu, miti juu ya miti, kwa hiyo kijani kinatumika kwa wingi na mikono yangu haiishi rangi. Macho ya baba mkwe yameanza kumchezea. Mistari midogo anamwachia Paras, na ananiita mimi niandike majina ya raga juu ya picha, kama nilivyokuwa nikimwandikia Baba. Ananiambia mwandiko wangu ni mzuri. Namjibu asante, baba.

Yule mke wa raga anayesukasuka maziwa, ambaye sauti yake ni ya mtindi unaopigwa mtungini, tulimpaka rangi juzi. Unakumbuka Baba alimchora akimtazama Mama. Ni Mama kabisa, hata lile bega moja lililo juu kuliko jingine. Paras alisema, "Huyu mwanamke namjua." Nikamwambia asage nyeupe.

Ngozi zimo katika sanduku la mwerezi, na ufunguo uko kiunoni mwa mzee. Analala nao.

Kuhusu lile ulilosema la manjano, sikulisoma. Pale wino ulikuwa umemwagikiwa maji.

Baba mkwe siku hizi anapenda wali wa maziwa ninaompikia, uliotiwa zafarani. Jana alipangusa sahani kwa kidole akaniambia, "Binti wa Gokal, angalau mama yako alikufunza jambo moja." Nitampikia tena Jumanne.

Mdogo wako,
Sarno


Haripol, tarehe 2 Jeth, mwaka 1812

Sarno,

Mama mzima. Goti limepata nafuu kwa dawa yako.

Wali wa maziwa! Nimeisoma barua yako mara nyingi nikidhani labda kuna kitu nimekiruka. Nimekuomba haki ya baba yako, wewe unaniandikia nyuki, bangili na wali wa maziwa. Na zafarani juu yake! Sisi hapa hatujaonja zafarani tangu harusi yako, na wewe unamtilia mzee yule yule aliyemwita baba yako mwizi. "Namjibu asante, baba." Nikupe pongezi? Baba yako alichomwa mtoni, Sarno. Huyo uliye naye ni mwingine.

Nikki ananiambia nisikuandikie nikiwa na hasira. Nimengoja ziishe, hazikuisha. Basi pika. Mpikie na mikate myembamba, umpepee na nzi. Ukiwa na la maana la kusema, niandikie. Ukiwa huna, tuache na msiba wetu.

Lehnu


Devalkot, tarehe 20 Asu, mwaka 1812

Kaka Lehnu, salamu.

Tuko wazima. Mvua ya mwaka huu imebomoa zizi la mifugo na nusu ya njia ya mtoni. Daraja la kamba limekatika na sijui barua hii itakufikia lini. Paras hajambo. Msalimie Mama na wifi.

Sikukuandikia miezi hii yote kwa sababu ulinitukana, na kwa sababu nilitaka kwanza nione kwa macho yangu. Sasa nimeona.

Katika mwezi wa Savan raja alitaka kuonyeshwa picha za Megha huku mvua ikinyesha, na mwimbaji akiimba raga hiyo hiyo, ndivyo apendavyo kuzitazama. Sisi wanawake wa wachoraji tulikaa nyuma ya dirisha la kimiani. Mwimbaji aliimba mpaka nywele zikanisimama. Raja alipoiona picha akasema, "Dhaunkal, mvua hii umeitoa wapi?" Baba mkwe akagusa kifua chake. "Humu, bwana wangu." Kisha akaongeza, bila kuulizwa na mtu, "Na kusema kweli kuna mzee mmoja wa Haripol aliyejaribu kuniuzia mvua yangu mwenyewe." Wote wakacheka. Mama mkwe, aliyeketi karibu nami, alicheka mpaka akanishika paja. Kaka, nilitamani paa la ukumbi ule lishuke juu yetu sote, na mimi nikiwemo.

Sasa sikia, maana wewe ulinituhumu. Nimekuwa kazini tangu mwezi aliokufa Baba. Hukunituma wewe wala mtu yeyote.

Kijani chetu hiki cha kutu ya shaba unakijua. Tunazika vipande vya shaba katika maziwa yaliyochacha, tunakwangua kutu, tunasaga. Unajua pia kwamba kutu hiyo ina njaa. Isipotiwa maji ya zafarani inaila karatasi. Hailiwi leo wala kesho. Rangi inakaa nzuri kabisa, inang'aa, raja anasifu. Baada ya msimu wa mvua mmoja au miwili upande wa nyuma unageuka kahawia, kisha unakatika kama mkate uliosahauliwa jikoni. Mzee hunipa zafarani kila tunapokoroga kijani, katika kikaratasi, kwa mkono wake, na huniambia, "Usipunguze hata unyuzi." Sipunguzi. Yote naitia kwenye wali wa maziwa na anaila mwenyewe. Kila unyuzi, kaka. Halafu anapangusa sahani kwa kidole.

Wiki iliyopita tulitoa picha zote kuzipunga hewa baada ya mvua, kama kawaida. Nilizigeuza za mwanzo. Bhairava amekwisha kuwa kahawia nyuma ya miti. Wake zake watatu pia. Nilikaa pale uani na picha zile magotini na nikafurahi kuliko siku niliyoolewa.

Picha moja tu niliitilia zafarani. Ile ya Mama.

Mzee huyo nisingemuua kwa manjano. Angekufa akiitwa ustadi, angechomwa kwa msandali, na raja angelia. Nataka afe akiwa amedharauliwa. Nipe mvua mbili zaidi na usifanye lolote. Barua hii ichome.

Sarno


Haripol, tarehe 6 Kartik, mwaka 1812

Kwa mdogo wangu mpendwa Sarno,

Salamu tele, na taa za Diwali zikuangazie wewe na nyumba yako. Mama anatembea hadi kisimani peke yake! Nikki ana mimba, tumejua juzi. Mahindi yamekubali.

Sijapata neno lako tangu Baisakh. Najua nilikuandikia vibaya mwezi wa Jeth, na nilidhani umeninunia. Basi yaishe, maana yametokea mambo ambayo sikutarajia kuyaona maishani mwangu.

Paras alifika hapa juzi, amezunguka kwa njia ya juu, miguu imevimba. Hakukubali kunywa hata maji kabla ya kumaliza alichotumwa. Alifungua kitambaa akatoa kilemba cha baba yake, kile chekundu cha barazani, akakiweka miguuni pangu. Kilemba cha Dhaunkal kwenye udongo wa uani kwetu, Sarno! Akasema, "Baba anaungama. Mistari ni ya mzee Gokal, ngozi ni za mzee Gokal, na atalisema hilo mbele ya raja. Macho yanamfifia na anaogopa kufa na deni hili. Anakuomba uje umalizie picha zilizobaki, na jina la baba yako litaandikwa kwa dhahabu nyuma ya kila picha." Na shemeji alilia, Sarno. Mtu yule hajui kuigiza.

Nilitaka kukipiga kilemba teke. Mama akaniwahi, akakiokota, akakipangusa vumbi. Akasema, "Jina la baba yako, Lehnu. Kwa dhahabu." Mimi ningesema nini tena? Nimekubali. Tumekula vitamutamu alivyoleta. Nitaondoka mara baada ya Diwali na nitakuwa huko mwanzoni mwa Maghar.

Kumbe wali wako wa maziwa umelainisha moyo wa mzee. Nisamehe kwa yote.

Kaka yako anayekupenda,
Lehnu


Devalkot, tarehe 15 Kartik, mwaka 1812

Kaka,

Sina nafasi ya salamu. Nimefurahi kwa ajili ya wifi. Barua hii anaileta mke wa mkamua mafuta anayekwenda kwao, mpe chochote.

Naona barua yangu ya Asu haijakufikia. Muuza chumvi atakuwa amekwama ng'ambo ya mto. Ikifika utaelewa, kwa sasa jua tu kwamba tangu Baba afe sijatia zafarani katika kijani cha nyumba hii, na picha zinaliwa. Wewe ni mchoraji, huhitaji nikueleze zaidi.

Mzee ameligundua. Haoni vizuri, lakini vidole vyake ni vizima. Jana nilikuwa nikiandaa chakula, nao wako nyuma ya pazia, yeye na mama mkwe. Nakuandikia walivyosema.

"Karatasi zinakufa," alisema mzee. "Nimepitisha kidole nyuma ya Megha nikatoka na vumbi. Shaba aliyoniuzia yule mlaghai ilikuwa mbovu."

"Mungu wangu! Na raja akijua?"

"Atajua, mama, haikwepeki. Ila siku hiyo jina litakalokuwa nyuma ya picha si langu. Kijana wa Gokal atamalizia zilizobaki kwa mkono wake, hapa hapa, watu wakimwona. Kisha zikianza kutoboka, nani atauliza mengi? Watasema baba mwizi, mtoto mharibifu."

Mama mkwe akacheka. "Na wewe watakusifu kwa kutubu."

"Wameanza kunisifu. Nisogezee achari."

Mimi ndiye niliyewapelekea hiyo achari.

Umeona? Alipotuibia alichukua kizima, sasa anaturudishia kilichooza na anataka tumshukuru. Paras hajui kitu, yeye alilia kweli. Na mzee hajanishuku mimi, maana kwake msaga rangi ni sawa na jiwe la kusagia.

Nilitaka kukwambia usije. Nimefikiri tangu jana na nasema njoo. Mwache atubu. Mwache atubu kwa sauti kubwa mbele ya raja, watu wote wakisikia kwamba mistari ni ya Gokal na kwamba yeye alidanganya. Akishalisema hawezi kulirudisha kinywani. Papo hapo, kabla hajaketi, ziombe ngozi. Mbele za watu hawezi kukunyima. Kisha tafuta sababu uondoke siku ile ile. Usiguse brashi. Usiguse hata kikombe cha rangi, Lehnu, hata ukibembelezwa na raja mwenyewe. Mambo ya jina la dhahabu niachie mimi, kwa kuwa mwandishi ni mimi.

Sarno


Haripol, tarehe 24 Kartik, mwaka 1812

Sarno,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ile ya Asu imelowa na inanuka chumvi. Nilizisoma zizini ili Mama asinione uso. Nimekula vitamutamu vya yule mzee na natamani nivitapike. Na wewe nilikutukana.

Nakuja. Nitavaa nguo nyeupe, nitaigusa miguu yake, na nitalia kama bibi harusi. Barua zote mbili nimezichoma.

Lehnu


Haripol, tarehe 3 Poh, mwaka 1812

Mdogo wangu Sarno,

Nimefika salama, na ngozi zimefika salama. Mama, Nikki na majirani wanakusalimu. Nikki anatapika kila asubuhi na anasema mtoto huyu atakuwa mkorofi kama shangazi yake.

Wanawake hamkuitwa barazani siku ile, kwa hiyo nikusimulie. Mzee aliingia ameshikwa mkono na Paras, bila kilemba, kichwa wazi kama mfiwa. Nilimgusa miguu. Alinishika uso kwa mikono miwili akaniita mwanangu, na mikono ile ilinuka gundi kama ya Baba, nikalia kweli bila kupanga. Akamwambia raja yote. Kwamba ngozi ni za Gokal, kwamba alimsingizia mtu mwema, kwamba yeye hastahili hata picha moja. Aliyasema vizuri mno! Wazee walifuta machozi. Raja akashuka kwenye mto wake wa kukalia akasema hajawahi kuona unyenyekevu kama huo kwa mtu wa umri ule.

Hapo nikapiga magoti. Nikasema, "Bwana wangu, kama ni za baba yangu, naomba nizipeleke ngozi zake kwa mjane wake azione kabla sijashika kazi. Baba alikufa akizililia." Mzee akaukamata ufunguo kiunoni. Raja akamgeukia, "Ufunguo, ustadi." Basi akauvua kiunoni, na vidole vilihangaika na fundo mpaka Paras akamsaidia. Walinibembeleza nibaki japo nipake ua moja, kwa baraka. Nikasema siwezi kupaka rangi juu ya mistari ya Baba kabla ngozi hazijalala nyumbani kwake. Raja akanisifu kwa hilo pia. Siku hizi theluji imefunga njia ya juu na hakuna anayeweza kuniita tena hadi mwaka mpya.

Mama amezitandaza zote juu ya kitanda. Anapitisha mikono kwenye vitobo na anazungumza na Baba, anamwambia umeona, umeona.

Sarno, yatosha. Tumepata jina na tumepata ngozi. Karatasi zitajifia zenyewe, wewe huhitaji kuwepo. Raja akigundua, atauliza nani alisaga kijani, na safari hii kuna mtu atakayefikiria jiwe la kusagia. Njia ikifunguka mwambie mama mkwe kwamba Nikki anajifungua na anakuhitaji. Njoo na Paras akitaka. Rudi nyumbani kabla ya mvua, mdogo wangu. Nakuomba kwa jina la Baba.

Lehnu


Devalkot, tarehe 11 Magh, mwaka 1812

Kwa jina la Ganesha.

Kaka yangu Lehnu, wewe na Mama na wifi pokeeni salamu. Mwambie Nikki anyonye tangawizi mbichi. Kwetu theluji imefika kwenye kizingiti na kuni zinaisha. Nimesoma jinsi Mama alivyozitandaza ngozi, nikasoma tena, kisha nikaendelea na kazi.

Kuandika kwa dhahabu nimemaliza. Mzee alinipa dhahabu iliyosagwa akasema, "Nyuma ya kila picha andika: Kazi ya Gokal wa Haripol." Akakaa karibu yangu asikilize kalamu ikikwaruza, maana kusoma hawezi tena. Niliandika hivi: "Mistari ni ya Gokal wa Haripol. Rangi zote zilichanganywa na kupakwa na Dhaunkal wa Devalkot." Kila picha. Picha ya Mama nyuma yake nimeandika kwamba mistari ni ya Gokal na rangi ni za binti yake Sarno, kwa sababu ile itabaki. Mzee alikuwa akiniuliza, "Umeliandika vizuri jina la baba yako?" Namjibu, "Vizuri sana, baba."

Paras aliingia nikiwa katikati. Alisimama nyuma yangu akasoma. Yeye si mjinga, Lehnu, na tangu mvua amekuwa akiviona vikaratasi vya zafarani jikoni. Nilingoja apige kelele. Baba yake alikuwa pale pale, anakuna goti. Paras akauliza polepole, "Nyuso hizi nimepaka mimi. Mimi umeniandika wapi?"

Nikamwambia, "Wewe humo. Sikukuandika popote."

Paras akainama, akaipuliza dhahabu ili ikauke, akanisogezea picha nyingine. Tangu harusi sijawahi kumpenda mtu yule kama nilivyompenda wakati ule, na iliniuma, maana baba yake ni baba yake. Tangu hapo hali chakula vizuri na hatuzungumzi sana.

Picha zilizokamilika zimefungwa katika kitambaa chekundu na zimepelekwa ikulu. Raja hazifungui wakati wa baridi. Atataka Megha mvua zikianza.

Sasa hilo la kurudi. Wiki iliyopita mzee aliamka akasema nyumba ina giza. Jicho moja limekufa kabisa na jingine linaona dirisha tu. Niliposikia nililia kwa sauti, na mama mkwe akanikumbatia, akasema binti huyu ana moyo. Nililia kwa hasira. Baba aliuona uso wa kila mtu aliyemcheka, mmoja mmoja, na huyu ataondoka bila kuona hata tundu moja. Watu watamhurumia kipofu. Watamwambia, ustadi, ni uchafu kidogo tu, lala.

Kwa hiyo sirudi. Paras akitaka kuja kwenu nitampa nauli na baraka. Mimi nabaki. Raja akiuliza nani alisaga kijani nitasema ni mimi, na nitasema kwa nini, lakini hilo ni la baadaye. Kwanza picha zitarudishwa hapa kwa matusi, na mtu wa kumfungulia mzee kile kitambaa ni mimi, hakuna mwingine. Nitaketi kando ya kitanda chake nimweleze: hapa miti imeanguka, baba, hapa bustani imekatika, hapa mke wa Bhairava amebaki kichwa. Nitaushika mkono wake nikipitishe kidole chake kwenye tundu mpaka kitokee upande wa pili. Kisha nitaigeuza picha na kumsomea jina lake.

Akiniambia yatosha, nitafungua nyingine.

Mdogo wako,
Sarno